Jani Juu ya Sufuria: Kuchagua Pa Kula na Kunywa Karagwe na Kyerwa

Mahali pa kula katika barabara ya Omurushaka hadi Murongo hupimwa kwa sufuria. Viti, televisheni ya ukutani na bango la rangi ni kazi ya seremala, fundi umeme na mchora mabango, mlaji hayamhusu. Hata hivyo sifa zinazosambazwa siku hizi kwa simu kuhusu hoteli za Karagwe na Kyerwa huanzia hapo na kuishia hapo: pana vigae, wahudumu wana sare, uani pana msonge. Ndizi hutajwa mwisho, kwa neno moja tu, "tamu". Kuna ndizi zilizochemshwa jana kwenye maji mengi, zikalala, zikapashwa asubuhi kwa mafuta na nyanya ya kopo, na bado zikasifiwa kuwa chakula halisi cha Kagera.

Msonge ndio unaowapumbaza wengi. Msonge wa kale uliezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na moshi wa jikoni ulilihifadhi paa kwa ndani. Msonge wa hoteli una ukuta wa saruji, vibuyu vitupu vimetundikwa kwa misumari, na kinachotoka jikoni ni chipsi mayai. Biashara ya namna hii haikuanzia Kagera. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kampuni moja ya Dublin imekuwa ikibuni baa za Kiayalandi zikiwa kamili, kaunta, mbao, vioo na mapambo ya kizamani, na kuzisafirisha kwa makontena kwenda miji ya mbali. Msafiri huketi humo akiamini yuko Ayalandi, na kumbe kila kitu kimetoka karakana moja. Kanuni ni ileile Dublin na Kayanga: pambo likizidi, jikoni pana la kuficha.

Kabla ya sufuria, itazamwe saa. Ndizi za kuuza huinjikwa asubuhi baada ya chai kwisha na huepuliwa karibu saa sita na nusu mchana. Hoteli yenye ndizi tayari saa nne asubuhi inauza za jana. Ushauri wa kuwafuata madereva wa malori hurudiwa sana, na haufai: dereva hutafuta nafasi ya kuegesha. Wanaofaa kufuatwa ni wale wanaokula kwa mkopo. Penye daftari la madeni lenye majina ya walimu, wapakiaji wa ndizi na mwenye bucha ya jirani, mpishi hawezi kuharibu siku mbili mfululizo, kwa kuwa mdeni aliyelishwa vibaya hulipa polepole. Daftari hilo kwa kawaida hukaa juu ya kabati la chapati. Lisipoonekana, hoteli hiyo inaishi kwa wapita njia.

Halafu ndizi zenyewe. Enshakara, enyoya na enchoncho ni za kupika, na zikiiva kwa mvuke hugeuka manjano. Zikibaki nyeupe au kijivu, mkungu ulikatwa kabla haujakomaa, au mpishi amechanganya ndizi za pombe, ambazo humwacha mlaji na ukakasi kwenye ulimi. Gonja ina nafasi yake, yaani kuchomwa. Kuchanganywa kwenye sufuria ya maharage ni kosa. Aina za FHIA zilizozalishwa Honduras na kusambazwa mkoani mwishoni mwa miaka ya 1990 zina mikungu mikubwa, zinavumilia magonjwa, na mkulima ana haki ya kuzipenda. Sufuriani zina maji. Hilo halihitaji ushahidi mwingine zaidi ya kuzila.

Linalofuata ndilo asilolitazama mgeni hata mmoja, na ndilo linaloamua: jani. Mgeni hutazama sahani, akiwa mdadisi sana hutazama mikono ya mpishi. Kilichofunika sufuria hakioni.

Jani la mgomba hukatwa asubuhi ileile, changa kiasi, lisilopasuliwa na upepo. Hupitishwa juu ya moto likababuliwa taratibu mpaka ling'ae na kulegea, kisha uti wake wa kati hupunguzwa kwa kisu ili likunjike bila kukatika. Mawili au matatu hupangwa juu ya ndizi, kingo zikasukumwa ndani kuzunguka sufuria yote, kisha kifuniko au jiwe juu. Ndizi za chini huchemka pamoja na maharage; za juu hazigusi maji, huiva kwa mvuke uliokosa pa kutokea. Ndizi ya juu ndiyo ya kuombwa. Mwenyeji huijua na huiomba kwa sauti ya chini, "Mama, nipatie za juu," na akipewa hanyanyui uso mpaka amalize.

Jani husomeka. Likiwa bado kijani kibichi katikati, sufuria imeinjikwa sasa hivi na mlaji aagize chai angoje. Likiwa limegeuka rangi ya zeituni, limelala juu ya ndizi na upande wa chini unatiririka maji, wakati umewadia. Likiwa kahawia, kingo zimekauka na kupasuka, sufuria hiyo imepashwa zaidi ya mara moja, na mlaji alipe chai yake aondoke. Harufu nayo husema: jani likifunuliwa hutoa harufu ya majani mabichi yaliyopikwa, na hukaa kwenye ndizi mpaka zipoe. Ndizi isiyo na harufu hiyo ni wanga tu.

Wadanganyifu wanalijua hili vizuri kuliko wateja. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kufunikia haijaisha jikoni. Ni rahisi, haihitaji mgomba, na hubana mvuke hata kuliko jani. Kwa hiyo ndizi huiva upesi, zikawa na utelezi, na zikawa na ladha ya ndoo. Palikuwa na hoteli moja Omurushaka ambako nailoni iliwekwa chini na jani bichi likatandazwa juu yake, likibadilishwa kila asubuhi kwa ajili ya macho ya abiria. Abiria walipiga picha. Aliyefichua mambo ni mtoto wa mwenye mgomba, aliyeuliza kwa nini majani yanayotoka kwao yanarudi mazima kulishwa mbuzi. Jani lililopika hulegea na kunata kidoleni. Jani la pambo hukatika kufuata mistari yake.

Upande wa pili walikuwapo wapishi wa Nkwenda wa kizazi kilichopita, ambao kwao jani lilifunuliwa mara moja tu. Mmoja wao, mama aliyekwisha kumwachia binti wa dada yake jiko, hakulifunua kwa mtu yeyote kabla ya wakati. Kiongozi mmoja aliyekuwa na haraka, gari likiwa linanguruma nje, aliambiwa, "Mheshimiwa, jani bado," akarudi kuketi. Siku hizi sufuria hufunuliwa kila mteja anapoingia, mvuke ukaondoka, na mpishi akashangaa ndizi za juu kuwa ngumu.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Maharage yawe yamepasuka lakini hayajafumuka, na chumvi iwe ya kutosha. Nyama ya ng'ombe ni bora ikichemshwa na mifupa. Rosti yenye rangi nyekundu inayong'aa iachwe. Sato na sangara ni chakula cha Bukoba, na msafiri anayewaagiza Kyerwa, mbali na Ziwa Victoria, amelitaka mwenyewe. Senene huliwa msimu wake, zimekaangwa kwa mafuta yake zenyewe. Anayezitia mafuta ya chupa hajafundishwa. Maji ya kunawa yawe ya moto.

Kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, huchaguliwa kwa kanuni kali zaidi, kwa sababu pombe huficha makosa kuliko chakula. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, humenywa, hukanyagwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na maji yake hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa. Kesho yake ni rubisi. Siku ya pili ndiyo yenyewe; siku ya tatu ni ya wenye meno magumu. Mnywaji aulize imekanyagwa lini, na anayejibu "leo leo" amekwisha kujieleza. Chembe za mtama zielee juu. Rubisi isiyo na chembe, tamu ya kunata, inayoumiza kichwa kabla jua halijazama, imetengenezwa kwa sukari na hamira. Kikombe cha plastiki kinavumilika, ila wazee wanaokuja na vibuyu vyao ni cheti bora cha kilabu kuliko leseni iliyobandikwa mlangoni.

Karagwe ina sifa ya zamani katika jambo hili. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika, Bweranyange, mwezi Novemba 1861, walipokelewa kwa pombe na tumbaku, na Speke, ambaye njiani alilalamikia karibu kila kitu, hapo alisifu. Ukarimu wa namna hiyo umepungua, na sababu moja ni ya shambani. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Ndizi za pombe kama kainja hushambuliwa upesi, kwa kuwa wadudu huuchukua ugonjwa wanapotembelea ua la mgomba, na panga lisilosafishwa humalizia kazi. Ndizi za pombe zikipungua, sukari huingia kilabuni. Mwenye kilabu anayekata maua ya migomba yake kwa kijiti chenye panda badala ya panga ana rubisi ya kuaminika, na shamba lake huwa nyuma ya kilabu, la kutazamwa bila kuomba ruhusa.

Kimuli na vituo vidogo vya Kyerwa vina faida moja juu ya Kayanga na Omurushaka: mgomba uko hatua chache kutoka jikoni, na mpishi hana kisingizio cha nailoni. Vina hasara moja pia. Sufuria huwa moja, na wenye majina daftarini hutangulia. Anayefika baada ya saa nane mchana aagize chapati na chai ya maziwa, kwa sababu ndizi atakazoletewa saa hiyo ni zile za chini.