Mmea wa Sebuleni Hupimwa Agosti

Usinionyeshe mmea wako mwezi wa Machi. Machi hapa Kasulu hata kijiti kilichochomekwa kwenye kopo la rangi huchipua, na sifa hiyo ni ya mvua. Nikaribishe Agosti, mvua ikiwa imekata tangu Mei, vumbi jekundu limeshaingia hadi kwenye vitambaa vya makochi, na kipupwe cha usiku kimewafanya watu wa Kibondo wajifunike mablanketi mawili. Hapo ndipo mkono wa mtunzaji huonekana.

Nikiingia, siyaangalii majani kwanza. Nanyanyua chungu. Kwa mtu anayeijua kazi hii, chungu cha Agosti huwa chepesi. Wengi wetu tukiona nyasi zimekauka nje tunaamini mmea wa ndani nao una kiu, tunaumwagilia kila asubuhi. Lakini ndani ya nyumba ya tofali za kuchoma, usiku wa baridi, mmea hupunguza kukua na mizizi haivuti maji kama ilivyokuwa ikivuta Februari. Tena udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi; ukilowa, unakaa na maji siku nyingi. Mizizi hukosa hewa, ikaoza. Kinachoniuma ni jinsi dalili yake inavyodanganya: majani hulegea kama yenye kiu, mwenye mmea kwa huruma anaongeza maji, na huruma hiyo ndiyo inayouua.

Kwa hiyo bonyeza shina pale linapoingia udongoni. Likiwa gumu, mmea ni mzima hata kama una majani matatu tu. Likibonyea kama papai lililoiva kupita kiasi, usidanganywe na ukijani ulioko juu. Nusa pia. Udongo mzima una harufu ya shamba lililolimwa jana. Uliooza hunuka mtaro.

Mtunzaji hodari huutengeneza udongo wake kabla ya msimu. Huchanganya ule mwekundu na mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva sawasawa. Huku kwetu, ambako kahawa hulimwa kuanzia Kasulu hadi Buhigwe, makapi ya kahawa yaliyooza vizuri yanafaa sana kwa kuulegeza. Chombo chenyewe mimi napenda kiwe cha udongo uliofinyangwa, maana kuta zake hupitisha hewa na unyevu. Dumu la mafuta lililokatwa si aibu hata kidogo, mradi limetobolewa chini. Lisipotobolewa, sina haja ya kuendelea kukagua.

Suala la mwanga linahitaji subira kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yametungwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, ambako majira ya baridi huukata mchana ukawa mfupi mno. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba unatofautiana kwa takriban nusu saa tu. Kinachobadilika kwetu ni upande. Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba likahamia kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli Krismasi linaweza kuwa linaunguza Julai, hasa pasipo wingu la kupunguza makali. Ndiyo maana nikikuta alama ya duara sakafuni au juu ya meza, mahali chungu kilipokuwa kimekaa kabla ya kusogezwa, moyo wangu hufurahi: mwenye nyumba hii anafuatana na jua.

Majani sasa. Yapanguse kwa kidole uone kama vumbi limeachwa likagandamana, kisha geuza upande wa chini. Utitiri hupenda hewa kavu, nao hujificha huko. Utaona nukta hafifu za njano na utando mwembamba kuliko wa buibui. Kitambaa chenye unyevu kila wiki huuzuia. Majani yanayong'aa kupita kiasi hunitia shaka, kwani wapo wanaoyapaka mafuta ya kupikia ili yapendeze mbele ya wageni. Mafuta huziba vitundu ambavyo jani hupumulia na kuyavuta mavumbi yote ya barabarani. Jani lililotunzwa vyema hung'aa kwa utulivu.

Zamiokulkasi, mmea uliozaliwa Afrika Mashariki na Kusini, ni rahisi kuusifia kuliko unavyostahili. Una viazi chini ya udongo vinavyotunza maji, kwa hiyo hata mvivu anaweza kuuvusha kipupwe. Mkono hasa hupimwa kwa urujuani wa Usambara. Ua hili dogo la majani yenye manyoya lilichukuliwa kwenye milima ya Tanga mwaka 1892 na ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo linapamba madirisha ya Ulaya theluji ikianguka. Halivumilii maji ya baridi. Ukilimwagia ya bomba alfajiri ya Julai, majani hupata madoa meupe yasiyofutika. Nikiukuta urujuani Kasulu bila doa hata moja, najua kuna mtu anayelaza maji ndani ya nyumba usiku kucha, kisha anayatia pembeni ya chungu, taratibu, jani lisiguswe.

Bado kuna jaribio moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, Septemba mwishoni au Oktoba, watu hukimbiza mimea nje ikaoge. Jua likitoka baada ya mvua hiyo, jani lililokaa ndani miezi minne huungua kwa saa chache, likabaki na baka la rangi ya karatasi. Mtunzaji ninayemheshimu hukiweka chungu barazani chini ya ukingo wa bati, mahali rasharasha inapofika lakini jua halifiki, na hukiacha hapo kwa wiki nzima.