Hongera, Waandishi wa Miongozo

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta. Kila amri ilielezwa jina lake, namna ya kuiandika, kazi yake na, hapa ndipo ninapowavulia kofia, kasoro zake. Wangeweza kunyamaza, mtumiaji akeshe akidhani kosa ni lake.

Mwandishi wa mwongozo wa programu hutangulia kupotea ili sisi tusipotee. Hubonyeza kila kitufe, huwahoji mafundi, hufuta, huandika upya. Na mara nyingi jina lake halitajwi popote.

Hongereni sana. Nanyi wenye kampuni, waiteni waandishi hawa mapema, programu ikiwa bado inaundwa, na muwalipe vizuri.