Kwa Nini Gari la Haibridi Hunguruma Likiteremka

Anayeendesha gari la haibridi kwa mara ya kwanza kutoka Laare kwenda Meru hushtuka kwa namna moja. Ameipita Kangeta, barabara imeanza kushuka, mguu ameutoa kwenye mafuta. Gari linateleza kimya, na vistari vya betri kwenye dashibodi vinapanda kimoja baada ya kingine hadi juu kabisa. Kisha, bila yeye kugusa chochote, injini inaamka na kunguruma kana kwamba gari linapanda mlima. Iliponitokea mimi nilisimama kando, nikafungua boneti, nikainama kutafuta kilichokatika. Hakikuwapo. Toyota Aqua yangu ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa, na kelele ile ndiyo iliyonifundisha kwamba huku kwenye vilima vya Nyambene hesabu ya mafuta ya gari hili si ile tunayotajiwa tunaponunua.

Tuanze na chuma chenyewe. Aqua iliingia sokoni Japani Desemba 2011, miaka 14 baada ya Prius kufungua njia. Chini ya boneti ya toleo hilo mna injini ya petroli ya sisi 1,496 yenye nguvu za farasi 74, pamoja na mota mbili za umeme. Ile kubwa, ya farasi 61, huyasukuma magurudumu. Ile ndogo huwasha injini na kufua umeme. Zote tatu hukutana kwenye gia za sayari, zinazoitwa hivyo kwa kuwa gia ndogo huizunguka gia ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua. Hakuna klachi, hakuna stata, hakuna altaneta. Ukijumlisha 74 na 61 utapata 135, lakini Toyota wenyewe huandika kwamba nguvu za mfumo mzima ni farasi 100. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mota kubwa ingeweza kufanya kazi zaidi, ila betri haiwezi kuilisha kwa kasi hiyo. Betri ni ndogo: volti 144, na ujazo wake wote haufiki hata kilowati-saa moja. Mengi nitakayosema hapa chini yanatokana na udogo huo.

Injini nayo si ya kawaida. Hufuata wazo la Mwingereza James Atkinson, ila hulitimiza kwa vali: zile za kuingiza hewa huchelewa kufungwa, sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka, na gesi iliyowaka inapata nafasi ndefu ya kutanuka kuliko ile iliyobanwa. Kila tone la petroli hutoa kazi zaidi. Gharama yake ni kwamba injini inakuwa dhaifu wakati wa kuondoka, na hapo ndipo mota ya umeme huingia, kwa sababu mota ina nguvu zake zote tangu gurudumu likiwa limesimama. Mmoja anaficha udhaifu wa mwenzake.

Sasa tuone mahali lita inapookolewa. Gari la kawaida kwenye foleni huchoma mafuta likiwa limesimama, na kila dereva anapokanyaga breki, mwendo aliougharimia kwa petroli unageuka joto kwenye diski. Haibridi huzima injini foleni inaposimama, na breki ikiguswa mota kubwa hugeuka jenereta na kuurudisha mwendo ule kwenye betri. Ndiyo maana shirika la mazingira la Marekani lilipolipima gari hilihili mwaka 2012, kule likiuzwa kwa jina la Prius c, lilipata maili 53 kwa galoni mjini na 46 kwenye barabara kuu. Kwa vipimo vyetu hiyo ni kama kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 barabara kuu. Ni kinyume cha gari la kawaida, ambalo mjini ndiko linakokunywa zaidi. Muuzaji wa Mombasa atakuonyesha nambari ya Japani, kilomita 35.4 kwa lita, iliyopatikana kwa gari kuzungushwa magurudumu juu ya mashine ndani ya maabara kwa mwendo wa upole. Usiipangie bajeti nambari hiyo.

Laare si foleni ya Nairobi wala si barabara kuu iliyonyooka. Ni miinuko na miteremko mirefu, na hapo hesabu inabadilika. Chukua gari lenye watu wawili na mzigo mdogo, uzito wote kilo 1,250, likipanda mwinuko wa kilomita tano unaoliinua mita 300. Kuinua uzito huo peke yake kunahitaji nishati ya takriban kilowati-saa moja kwenye magurudumu. Kwa injini nzuri kama hii, hiyo ni karibu theluthi ya lita ya petroli. Sasa ligeuze, literemke palepale kwa kilomita 50 kwa saa. Kama robo ya nishati ile hutumika kulisogeza gari dhidi ya upepo na msuguano wa matairi. Hiyo haikupotea, kwa kuwa umesafiri kilomita tano bila kuchoma kitu. Iliyobaki ingefaa iingie kwenye betri. Lakini kompyuta hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, maana kufanya hivyo huiua mapema. Huitunza katikati, na ukifika kileleni ikiwa na asilimia 60, nafasi iliyobaki hadi kwenye mpaka wa juu wa karibu asilimia 80 ni chini ya moja ya tano ya kilowati-saa. Katika mteremko wa namna hiyo inajaa ndani ya kilomita mbili hivi za kwanza. Kilomita tatu zinazofuata, umeme unaofuliwa hauna pa kwenda.

Ndipo injini inaponguruma. Haichomi petroli hata tone. Mota ndogo inautumia umeme uliozidi kuizungusha injini tupu, na injini inausaga upepo ili kulizuia gari. Kwa hesabu hiyo, karibu nusu ya kazi ambayo petroli ilifanya wakati wa kupanda huishia kwenye kelele ile na kwenye joto la breki. Hapo fundi hana la kufanya.

Dereva lakini analo. Kompyuta haijui kwamba baada ya kona ile barabara inashuka. Wewe unajua, umeipita tangu utotoni. Kazi yako ni kufika kileleni betri ikiwa na njaa. Mita mia kadhaa za mwisho za mwinuko, punguza mguu na uiache mota ibebe sehemu yake. Kilele kikiwa tambarare na nyuma hakuna anayekuharakisha, bonyeza kitufe cha EV, ambacho hukubali tu ukienda polepole na injini ikiwa imepata joto, gari litambae kwa umeme hadi ukingo wa mteremko. Vistari vikiwa viwili au vitatu mteremko unapoanza, umeongeza nafasi ya kuweka akiba maradufu. Chini bondeni, mwinuko unaofuata unapoanza, akiba hiyo inatumika mara moja kabla injini haijabanwa. Ndiyo sababu vilima vifupivifupi humfaa mwenye haibridi kuliko mlima mmoja mrefu: betri hujaa, hutoka, hujaa tena, na hakuna kinachomwagika.

Kuna herufi B kwenye gia, na wengi hudhani ni ya betri, kwamba ukiiweka utachaji zaidi. Si hivyo. B huleta injini mapema ili isaidie kuzuia gari, yaani humwaga nishati ambayo pengine ingehifadhiwa. Kwenye tambarare ya Mwea kuendesha katika B ni kutupa mafuta. Lakini kwenye mteremko mrefu wa kuingia daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, iweke B kabla ya kuanza kushuka wala usihesabu lita. Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye mto ule na watu zaidi ya 30 wakafa. Breki ya umeme ni msaada tu. Betri ikijaa, uzito mwingi unarudi kwenye pedi kama gari lingine lolote, na pedi zilizochemka hazishiki.

Jambo jingine la kwetu ni haraka. Laare inaishi kwa miraa, na miraa haisubiri. Utamu wake huanza kufifia ndani ya siku mbili tangu ikatwe. Ndiyo maana Probox na pikapu zinazotoka hapa alasiri hukimbia namna ile. Upepo unaolipinga gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, upinzani unakaribia maradufu. Kwa mwendo huo mota haina cha kusaidia, hakuna breki ya kurudisha kitu, na umebaki na injini ndogo inayolia na betri unayoibeba kama abiria. Mwenye kusafirisha miraa hadi Nairobi kwa kasi hiyo asinunue haibridi kwa ajili ya mafuta. Anayeifaidi ni mwalimu anayekwenda Maua na kurudi, mwenye teksi ya kuzunguka Meru mjini, mnunuzi anayesimama shamba hadi shamba asubuhi. Hata huyo wa shamba hadi shamba ana tahadhari moja: asubuhi za baridi za Juni na Julai injini huwaka kwanza ili ipate joto, hata kama betri imejaa. Safari ya kilomita mbili, kuzima, kilomita mbili tena baada ya saa tatu, ndiyo mbaya kuliko zote. Unganisha shughuli zako ziwe safari moja.

Kuhusu aina nyingine nitasema machache. Fielder ya haibridi ya mwaka 2013 na Probox ya haibridi ya 2018 hutumia injini ya familia hiihii ya Aqua, na kwa barabara zetu nazipendelea kwa sababu fundi akijifunza moja amejifunza zote. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina gia za klachi mbili, na magari hayo yaliitwa tena na kiwanda yarekebishwe mara kadhaa mwanzoni. Kupanda taratibu nyuma ya lori lililolemewa si kazi inayozipendeza klachi hizo. Nissan Note ya e-Power, ya 2016, injini yake haigusi magurudumu kabisa, hufua umeme tu. Mjini ni tamu sana. Kwenye mwinuko mrefu kila tone lazima ligeuzwe umeme kwanza ndipo ligeuke mwendo, na mageuzi hayo hulipiwa.

Je, faida ipo? Oktoba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36, na kwetu huongezeka kwa umbali kutoka bohari. Tuseme gari la kawaida linakwenda kilomita 13 kwa lita na haibridi 20. Kwa bei hiyo, kwa kila kilomita 100 unabaki na zaidi ya shilingi 580. Mwenye kuendesha kilomita 1,500 kwa mwezi anaokoa kama shilingi 8,800. Mwenye kuendesha 300 anaokoa chini ya 1,800, na kwake sioni sababu ya kuongeza pesa wakati wa kununua. Usiamini wastani unaoonyeshwa kwenye kioo. Jaza tangi mpaka pampu ikatike, andika kilomita, rudi kituo kilekile ukajaze tena, ugawanye. Fanya hivyo mara tano kabla ya kusema lolote.

Akiba hiyo yote inaweza kumezwa na tundu moja. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti hicho. Sisi hubeba kila kitu kwenye kiti hicho: magunia, mafurushi ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya migomba, ndizi, vifaranga. Vumbi jekundu na nyuzi za majani huingia humo. Feni inaanza kuvuma kwa nguvu, betri inachemka, kompyuta inapunguza kazi ya mota, na injini inawaka mara nyingi kuliko zamani. Mwenye gari huona lita zinapungua upesi na kuilaumu petroli. Mwisho taa ya onyo inawaka, mashine inasoma P0A80, na anaambiwa betri imekufa. Hapo hushawishika kubadilisha kipande kimoja kati ya vile 20, kisha miezi michache baadaye kingine kinaanguka, kwa kuwa kipande kipya kimefungwa pamoja na vile vizee vilivyochemka pamoja na kile kilichotolewa.

Mimi hulisafisha tundu hilo kila ninapobadilisha oili. Brashi laini, mashine ya kufyonza vumbi, na wavu mwembamba unaofuliwa kisha kurudishwa ukiwa mkavu. Sifungui betri yenyewe wala sigusi nyaya za rangi ya machungwa, kwa kuwa mfumo huo hupandisha umeme hadi volti 520 na unaua. Na nikipakia mzigo kiti cha nyuma, upande wenye tundu nauacha wazi.