Mzizi au Shina? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Diski

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili chamudu kazi za ofisi katika kompyuta. Lugha ya fundi bado ina kasoro. Mwalimu wa Handeni au Korogwe akisha kuweka mfumo endeshi wa Linux, huenda mashine ikakataa kuanza. Ujumbe wake, ukitafsiriwa neno kwa neno, husema imeshindikana "kupandisha mzizi" uliomo katika "kigawe" fulani. Tafsiri hiyo haimsaidii.

"Kigawe" ni istilahi ya hesabu za shule ya msingi, kama ilivyo "kigawo". Kwa kuwa ukubwa wa sehemu za diski hukokotolewa, maana hizo mbili zitagongana katika sentensi moja. Twapendekeza "kitalu": eneo lenye mipaka, lililotengewa kazi yake, kama vitalu vya miche au vya malisho.

"Kupandisha" nako kwapotosha, maana hakuna kinachopanda. Kitalu huunganishwa mahali pake katika mti wa saraka, kisha huondolewa kikihitajika kuondolewa. Mkulima hupachika mpini, na huupachua. Basi "kupachika" na "kupachua" zatupa tendo na kinyume chake.

"Mzizi" una hatari kubwa zaidi. Kiingereza hutumia neno moja kwa saraka ya kwanza na kwa mtumiaji mwenye mamlaka yote. Tukiiga hivyo, fundi atatafuta kosa la ruhusa penye kosa la diski. Saraka ya kwanza na iitwe "shina", kwani ndiko matawi yatokako. Mtumiaji huyo na aitwe "msimamizi mkuu". Wanaisimu hutenga mzizi na shina kwa maana yao, lakini sarufi na diski hazikutani katika sentensi moja.

Sasa ujumbe usomeke: "Imeshindikana kupachika shina: kitalu hakikuonekana." Fundi ataelewa kwamba inampasa aanzishe mashine kwa flashi, aorodheshe vitalu, kisha alinganishe kitambulisho cha kitalu na kile kilichoandikwa katika maagizo ya kuanzia na katika orodha ya mapachiko. Jina la diski laweza kubadilika diski nyingine ikichomekwa. Kitambulisho hudumu mpaka kitalu kiumbizwe upya.

Twawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi kazini kabla hazijasanifiwa.