Mshono Huanzia Ndani

Hapa Dar es Salaam mtu akikwambia "nimeupenda mshono wako," hasemi habari za uzi. Anasifu gauni zima: shingo ilivyokatwa, kiuno kilivyokaa, mikono ilivyotuna begani. Lakini neno hilohilo ndilo analolitumia fundi kwa pale vitambaa viwili vinapokutana chini ya sindano. Mshono ni mtindo, na mshono ni kazi ya uzi. Huu ni mwaka wangu wa pili nikisomea ubunifu wa mavazi, na kila muhula unanithibitishia kwamba waliotuachia neno hili waliijua kazi. Mtindo usioshikwa na mshono wa ndani hausimami.

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, kwa picha. Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o alipokea tuzo ya Oscar akiwa amevaa gauni la Prada la buluu nyepesi, rangi ambayo mwenyewe alisema inamkumbusha Nairobi. Marinda yake membamba yalishuka mpaka sakafuni, na kila alipopiga hatua yalifunguka na kujifunga kama maji. Nilikuwa bado shule ya msingi. Nilikata picha ile gazetini nikaibandika kwenye jalada la daftari, na tangu siku hiyo sikuacha kukusanya: magauni ya waigizaji, shela za mabibi harusi, suti za wanamuziki.

Likizo moja niliipeleka picha ile Tanga kwa shangazi yangu, ambaye ameshona kwa cherehani ya kukanyaga tangu kabla sijazaliwa. Nilitaka anishonee gauni kama lile. Aliitazama kitambo, akaisogeza karibu na macho.

"Nzuri," alisema. "Nimeiona mbele. Sasa nionyeshe ndani."

"Ndani haionekani pichani, shangazi."

"Basi hapa pana picha, mwanangu. Gauni bado."

Akaliangua kwenye msumari gauni la mteja wake, akaligeuza ndani nje na kulitandaza juu ya meza. Kwa mara ya kwanza niliona bitana ilivyopunguzwa kidogo kuliko kitambaa cha juu ili isichungulie chini. Niliona mishono ya kiunoni ilivyofunguliwa na kupigwa pasi huku na huku ili isifanye uvimbe, na upindo uliokungwa kwa mkono kwa uzi ulioshika nyuzi mbili tu za kitambaa, hata mbele pasionekane alama yoyote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tangu siku hiyo nikiona gauni zuri natamani kuinama.

Kuinama huko ndiko kulikonifikisha kwa Ann Lowe.

Alizaliwa Clayton, jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1898. Bibi yake alizaliwa utumwani na alikuwa mshonaji. Mama yake naye alishona, na pamoja waliwavalisha wanawake wa tabaka la juu wa mji wa Montgomery. Mtoto Ann alikulia katika kazi hiyo, akiokota vipande vya hariri vilivyobaki na kuvigeuza kuwa maua. Mwaka 1914 mama yake alifariki, akaacha magauni 4 ya mke wa gavana wa Alabama hayajakwisha. Ann hakuwa ametimiza hata miaka 17. Aliketi akayamaliza yote.

Mwaka 1917 alikwenda New York kusoma katika shule ya ubunifu ya S. T. Taylor. Marekani ya siku hizo iliwatenga watu kwa rangi. Wanafunzi wenzake weupe hawakutaka kukaa naye darasa moja, akawekwa chumba cha peke yake. Hata hivyo kazi za mikono yake zilitolewa kule chumbani na kuonyeshwa kwa wenzake kama mfano wa kuigwa, na alihitimu kabla ya muda. Baadaye aliwashonea mabinti wa matajiri kwa zile dansi za kuwatambulisha rasmi mbele ya jamii, jambo linalofanana kwa mbali na kumtoa mwali huku pwani kwetu. Familia iliyoanza kwa binti mkubwa ilirudi kwa binti mdogo, kisha kwa wajukuu.

Kilichomtambulisha kuliko vyote ni maua yale ya utotoni. Mwaka jana nilijaribu kutengeneza waridi moja la hariri, na tangu hapo naitazama kazi yake kwa jicho jingine. Unakata petali moja moja, kubwa na ndogo, kwa mshazari wa kitambaa, ili ukingo usichanike nyuzi na ukubali kupinda. Unapaka wanga mwepesi, unaacha ikauke, kisha unakunja ukingo taratibu kwa ncha za vidole mpaka ujiviringe wenyewe. Petali ya kwanza inakuwa kitovu. Ya pili inaizunguka nusu. Ya tatu inaanzia mahali ambapo ya pili imejificha. Kila moja inashikwa chini kabisa kwa sindano ya mkono, jicho lisikofika. Waridi langu la kwanza lilichukua jioni nzima na likalemea upande mmoja. La saba ndilo lililokaa sawa.

Sasa fikiri juu ya gauni la Ann Lowe la miaka ya 1960 liitwalo American Beauty, ambalo liko katika jumba la makumbusho la taifa la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, Washington. Limepambwa kwa mawaridi ya hariri aliyoyatengeneza kwa mkono. Hilo ni gauni moja tu la binti mmoja kwa usiku mmoja, na yeye alishona magauni ya namna hiyo kwa miongo kadhaa.

Gauni lake lililoonekana na macho mengi zaidi ni la harusi. Tarehe 12 Septemba 1953, mjini Newport, Jacqueline Bouvier aliolewa na seneta kijana, John F. Kennedy, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Gauni hilo ni la tafeta ya hariri yenye rangi ya pembe za ndovu, na lilikula yadi 50 za kitambaa. Kwetu kitenge huuzwa yadi 6, kwa hiyo weka vitenge 8 vizima mezani, na bado hujafika. Shingo yake imekatwa pana, ikiyaacha mabega wazi. Kifuani, mikanda ya kitambaa kilichokunjwa vijikunjo vyembamba imepishanishwa kama ukili wa mkeka. Sketi inafura kutoka kiunoni, na juu yake kuna marinda yaliyozungushwa duara ndani ya duara, na maua madogo ya nta katikati.

Aliyewahi kuvuta marinda kwa mkono anajua maana ya sketi ile. Unapitisha mistari miwili ya mshono mrefu, unavuta uzi polepole, kisha unagawa mikunjo kwa kidole gumba sentimita kwa sentimita, isirundikane hapa na kupwaya pale. Tafeta nayo haisamehe. Sindano ikipita inaacha tundu, na ukifumua tundu linabaki. Kila mshono lazima uwe wa mwisho tangu unapoanza.

Sasa fikiri tena. Siku 10 kabla ya harusi, bomba la maji lilipasuka katika karakana ya Ann Lowe. Magauni 10 kati ya 15 ya harusi ile yaliharibika, na la bibi harusi lilikuwa mojawapo. Kazi iliyokuwa imechukua miezi miwili ilikuwa imekwisha kwa maji. Alinunua kitambaa upya kwa fedha zake, akaajiri mikono zaidi, wakakata na kushona upya usiku na mchana. Badala ya faida ya dola 700 aliyotarajia, alipata hasara ya dola 2,200. Familia ya bibi harusi haikuambiwa lolote. Inasimuliwa pia kwamba alipoyapeleka magauni Newport mwenyewe, mlangoni aliambiwa apitie mlango wa nyuma. Akajibu kwamba kama hapiti mlango wa mbele, magauni nayo yanarudi naye. Alipita mlango wa mbele.

Kesho yake picha za gauni zilizunguka dunia. Magazeti yalieleza kitambaa, shingo na marinda, na karibu yote yakaacha jina la aliyeshona. Halikuwa jambo geni kwake. Mwaka 1947 mwigizaji Olivia de Havilland alipokea Oscar akiwa katika gauni la neti lililochorwa maua kwa mkono. Ann Lowe ndiye aliyelibuni, lakini lebo iliyoshonewa ndani ilikuwa na jina la mwenye duka alilokuwa akimfanyia kazi. Nikisoma habari hizi namkumbuka shangazi na swali lake. Nyota tunamwona mbele ya gauni. Fundi yumo ndani, na asiyegeuza nguo hamwoni.

Watafiti walioyageuza magauni ya Ann Lowe wameeleza walichokikuta. Kingo za mishono zimefungwa kwa utepe wa lesi, mapindo yamekungwa kwa mkono, na kifua kimejengewa vishikilio vyake, hata mvaaji asihitaji nguo nyingine ya kumshika. Hapo pana somo ambalo darasani lilituchukua wiki nzima kulielewa. Sketi yenye kitambaa kingi huvuta chini, na gauni lililoacha mabega wazi halina pa kutundikwa. Kwa hiyo uzito hubebwa kiunoni, kwa mkanda mwembamba ulioshonewa ndani na kufungwa kabla ya zipu kupandishwa. Mtazamaji anaona mwanamke anayetembea kama hana mzigo. Mkanda ule ndio unaobeba.

Utunzaji huo wa ndani haukumtajirisha. Alitoza pungufu ya thamani ya kazi yake, akazama katika madeni ya vifaa na ya kodi. Macho pia yalimwangusha: miaka ya 1960 jicho moja liliondolewa kwa ugonjwa wa presha ya macho, na la pili likapata mtoto wa jicho. Aliendelea kubuni mpaka uoni ulipomwishia, na alifariki mwaka 1981.

Gauni la harusi ya Kennedy limehifadhiwa Boston, nalo limechakaa kiasi cha kutoweza kuonyeshwa. Kwa ajili ya maonyesho makubwa ya kazi za Ann Lowe katika jumba la makumbusho la Winterthur, mwaka 2023, mwalimu wa mitindo wa Chuo Kikuu cha Delaware, Katya Roelse, alilichunguza gauni lenyewe kwa karibu kisha akalishona upya kwa kulifuatisha. Kati ya sifa zote alizopata Ann Lowe, hii ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Fundi mwenzake aliketi akaufuata mkono wake mshono kwa mshono, kama mwanafunzi anavyofuata mwandiko wa mwalimu. Hotuba haiwezi kumheshimu fundi kiasi hicho.

Picha bado nazipenda, na sitaki mtu yeyote aone haya kwa kuzipenda. Zulia jekundu ndilo lililonifungulia mlango, na kijana anayehifadhi picha za mastaa kwenye simu yake huenda akawa ameshaanza masomo bila kujua. Ninachomwomba ni asiishie hapo. Achukue gauni moja, hata la mtumba, alifumue polepole kwa wembe na kupanga vipande vyake mezani. Ataona mkono ulikatwaje ili begani uwe na nafasi, bitana iliingiaje, na zipu ilifichwa wapi. Gauni moja lililofumuliwa kwa makini litamfundisha kuliko picha mia.

Nawe usiyeshona, unalo la kufanya. Kurasa zetu mitandaoni zimejaa mishono mipya kila Ijumaa, kila sikukuu ya Idi, kila harusi. Jina la mvaaji lipo, la mpiga picha lipo, la mpambaji lipo. La fundi mara nyingi halipo, ingawa ndiye aliyekesha akikunga upindo. Safari nyingine utakapoweka picha ya gauni lako jipya, andika na jina la aliyelishona.