Bamvua ilivyopigiwa hesabu kabla ya Normandy

Wakulima wa mwani wa Paje wanajua jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita bila kulitaja: bamvua ina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, maji ya mashariki ya Unguja hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ni hivyo mwezi huu, na mwakani itakuwa hivyo.

Sababu yake ndiyo moyo wa elimu nzima ya maji kujaa na kupwa. Bahari huinuliwa na mawimbi mengi mapana mno, na katika pwani yetu mawili ndiyo makubwa. La mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. La jua kila saa 12 kamili. Yakipanda pamoja tunapata bamvua. Moja likipanda huku jingine likishuka, ni maji mafu. Hizo dakika 25 huyatenganisha na kuyakutanisha tena kila baada ya siku 14.77. Na kwa kuwa wimbi la jua haliachani na saa ya ukutani, kila yanapokutana hukutana saa zilezile. Saa zipi? Hilo huamuliwa na umbo la pwani na kina cha bahari ya mahali hapo.

Hesabu hiyohiyo ilihitajika katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943, Arthur Doodson, mtaalamu wa hisabati wa Liverpool ambaye alikuwa kiziwi, aliletewa kazi ya siri. Kamanda William Farquharson wa jeshi la majini la Uingereza alimpelekea jozi 11 za namba za mahali palipoitwa "Z" tu. Kila jozi ilieleza wimbi moja: urefu wake, na saa linapofika kileleni. Doodson alitakiwa kutabiri kimo cha maji cha kila saa kwa miezi minne kuanzia Aprili 1944.

Namba hizo aliziingiza kwenye mashine ya shaba ya aina aliyoibuni Lord Kelvin katika miaka ya 1870. Kila wimbi lilikuwa na roda yake, iliyopanda na kushuka kwa mwendo wa wimbi hilo. Waya mmoja ulipita juu ya roda moja, chini ya nyingine, hadi ya mwisho, na ncha yake ikasogeza kalamu juu ya karatasi. Kujumlisha kote kulifanywa na ule waya. Mimi naiona kuwa miongoni mwa mashine nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, maana ukiitazama unaiona bamvua inavyoundwa: roda mbili kubwa zinapanda kwa pamoja, kalamu inaruka.

"Z" ilikuwa pwani ya Normandy, Ufaransa, ambako maji ya bamvua hupanda takriban mita 6. Hapo ndipo Wamarekani, Waingereza na washirika wao walipanga kutua ili kuikomboa Ufaransa, na Wajerumani walioikalia walikuwa wamepanda vigingi na mabomu ufukweni, mahali panapofunikwa maji yakijaa. Ili vizuizi hivyo vionekane na kuondolewa, ilibidi kutua maji yakiwa chini na yameanza kujaa, muda mfupi baada ya kupambazuka. Askari wa miavuli nao walihitaji mbalamwezi. Katika pwani ile, bamvua ya mwezi mpevu hupwa alfajiri, hivyo haja zote mbili zikaangukia siku zilezile: tarehe 5, 6 na 7 Juni 1944. Wamarekani walitua tarehe 6, saa 12:30 asubuhi. Waingereza, waliokuwa upande wa mashariki, walingoja karibu saa nzima zaidi, kwa sababu maji ya mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa hujaa kuanzia magharibi.

Hali mbaya ya hewa ilikuwa imechelewesha uvamizi huo kwa siku moja. Kama wangezikosa siku zote tatu, wangesubiri wiki mbili hadi bamvua ya mwezi mwandamo, yenye giza. Na katika siku hizo hasa, tarehe 19 Juni, dhoruba kali iliipiga pwani hiyohiyo na kuivunja bandari ya muda ya Wamarekani.