London Inayosomwa kwa Sikio

Anna Smaill alisomea fidla kwao New Zealand, akageukia ushairi, kisha riwaya. Katika The Chimes, iliyotoka 2015, mpiga fidla yule bado yumo. Mwaka uliofuata kitabu kilipata World Fantasy Award, nami mwalimu wa kwaya nasema kilistahili, ingawa si kwa ajili ya kisa chake.

Kisa ni London ya kubuni ambako watu hawaandiki tena, na kila jioni ala kubwa ya kengele hulia na kuwafuta kumbukumbu. Kijana Simon anaingia mjini na kujiunga na kundi linalosaka vipande vya metali ya paladi kwenye mahandaki ya Thames. Kiongozi wao, Lucien, ni kipofu.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Ramani ya mahandaki ni wimbo. Njia inashikwa kwa melodia, na anayeisahau anapotea. Aliyewahi kufundisha besi bila karatasi anajua hii si njozi tupu: mwimbaji hukumbuka sauti yake inapopanda na inaporuka kabla hajashika maneno. Hata mwendo wa watu Smaill anauandika kwa maneno yale ya Kitaliano na Kilatini yanayokaa juu ya noti zetu. Mtu anakwenda lento, anakimbia presto, akinyamaza ni tacet. Smaill hayafafanui. Kurasa za mwanzo zinachosha, sikatai, lakini sikio likizoea unaanza kusikia sentensi zenyewe zikibadili mwendo, na hapo unaelewa kwa nini hakutaka kukushika mkono.

Kuna jambo jingine lililonifanya nikae vibaya kitini. Wengi wakiandika juu ya muziki huufanya dawa. Hapa muziki uliokamilika ndio silaha ya watawala: wanaabudu upatanifu wa sauti, na sauti isiyolingana haina nafasi. Mimi kazi yangu ni kumkemea anayetoka nje ya sauti!

Nusu ya pili inakimbilia mapambano ya kawaida, muziki unabaki nyuma, na Smaill anapungua kidogo. Hata hivyo, walimu wenzangu mnaosoma Kiingereza, zisomeni sura za mahandaki, tena kwa sauti. Sijasoma riwaya nyingine inayojua kazi yetu namna hiyo.